Mpaka Uko Ardhini au Akilini?

Katika msitu wa Hubbard Brook, kwenye milima ya White Mountains jimboni New Hampshire, Marekani, shimo la kina cha mita moja hufunua rangi zilizopangana kwa namna ambayo ni vigumu kuisahau. Juu kabisa kuna majani na sindano za miti zilizooza nusu, nyeusi na zenye kushika unyevu. Chini yake kuna tabaka jembamba la mchanga wenye rangi ya majivu. Kisha, ghafla, unakuja udongo mweusi wenye wekundu ndani yake, na baada ya huo rangi ya kutu inayofifia kadiri mchimbaji anavyoshuka. Mwishoni sululu hugonga kitu kigumu: mchanga, vumbi laini na mawe ya kila ukubwa, vimeshindiliwa pamoja hata mizizi ikashindwa kupenya.

Kwa utaratibu wa Wamarekani udongo huu ni Spodosoli. Kwa jina kongwe zaidi, lililotoka Urusi, ni podzoli. Mwanafunzi anayeanza hulishika upesi jina hilo, kwa kuwa rangi zenyewe zinaonekana kulitamka. Lakini ndani ya shimo hilo mna swali lililowasumbua wanafalsafa na wanatheolojia kwa karne nyingi: aina za vitu ziko katika vitu vyenyewe, au zimo katika akili ya anayevitazama?

Ni vizuri kuanza na jinsi udongo huu ulivyotokea. Katika zama za barafu, ngao kubwa ya barafu ilishuka kutoka Kanada ikafunika New England yote, hata kilele cha Mount Washington chenye urefu wa mita 1,917. Barafu hiyo haikukaa tuli. Ilitembea, ikakwangua miamba ya granaiti na shisti, ikasaga sehemu kuwa mchanga na vumbi, ikabeba mawe makubwa kama ilivyobeba chembe. Kifusi kilichobanwa chini ya uzito wake kilikuwa kigumu mno. Kile kilichodondoka juu barafu ilipoyeyuka kilibaki kilegevu na chenye mchanga zaidi. Kaskazini mwa New England barafu ilikwisha kuondoka yapata miaka 14,000 iliyopita. Kwa hiyo udongo huu una umri mdogo sana ukilinganishwa na udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Afrika, ambao umenyeshewa na kuchujwa kwa muda mrefu usiofikirika.

Kisha ukaja msitu. Majani na sindano zikioza hutoa asidi, na mvua na theluji, zinazofikia takriban milimita 1,400 kwa mwaka hapo Hubbard Brook, huzishusha ndani ya mchanga. Asidi hizo hushika chuma na alumini kutoka kwenye chembe za madini na kuondoka navyo. Mchanga uliovuliwa madini hayo hubaki na rangi ya kijivu cheupe, kwa maana kilichosalia kwa wingi ni kwazi. Mzigo wenyewe hutua chini kidogo, mahali ambapo mazingira ya kikemia hubadilika, na hapo ndipo weusi na wekundu huzaliwa. Hakuna sehemu ya hadithi hii iliyobuniwa na mwanasayansi. Mchanga ungeoshwa vilevile hata kama binadamu asingekuwapo.

Ubishi huanza pale kitabu cha vigezo kinapofunguliwa.

Ili udongo uitwe Spodosoli, utaratibu wa Marekani hudai kwanza tabaka lile la chini lililopokea mzigo. Tabaka hilo liwe na unene wa sentimita 2.5 au zaidi, kiwango chake cha pH kisizidi 5.9, na kaboni itokanayo na viumbe isipungue asilimia 0.6. Yako masharti mengine ya rangi na ya kemia, lakini hiyo asilimia inatosha kulionyesha tatizo. Shimo lenye asilimia 0.6 linapita. Shimo la jirani lenye 0.5, lililooshwa na mvua ileile chini ya miti ileile, linakataliwa na kupelekwa katika kundi jingine kabisa, kundi la udongo ambao bado haujakomaa. Nani aliyeona ardhini ufa kati ya tano na sita?

Eubulide wa Mileto, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, anakumbukwa kwa fumbo linalofaa mno mahali hapa. Chembe moja ya mchanga si lundo. Ukiongeza moja, bado si lundo. Basi ni chembe ipi inayolifanya lundo kuwa lundo? Wapo waliohitimisha kwamba malundo hayapo. Hitimisho hilo ni la haraka mno, kwa kuwa kushindwa kuonyesha mahali kitu kinapoanzia si ushahidi kwamba hakipo.

Wanafalsafa waligawanyika mapema. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Faidro, alitaka mwenye kufikiri agawanye mambo kwenye viungo vyake vya asili, asifanye kama mchinjaji mbaya anayevunja mifupa. Yaani maumbile yana viungo, na kisu chema huvifuata. John Locke, katika kitabu alichokitoa karne ya 17 kuhusu fahamu ya binadamu, alikuwa na shaka: maumbile hutoa mifanano, lakini mipaka ya aina tunaichora sisi kwa kukusanya sifa tunazoziona na kuzifunga chini ya jina moja. Kwa upande wa udongo ushahidi unaelekea kwa Locke. Mbuzi ana mwili unaokoma kwenye ngozi yake. Udongo haukomi. Wataalamu wamelazimika kubuni kipande cha kuuchunguza, wakakipa eneo la kati ya mita 1 na 10 za mraba, kwa sababu ardhi yenyewe haikuwapa kiumbe kimoja kilichosimama peke yake.

Mapokeo ya dini yana mengi ya kusema hapa, nayo hayasemi jambo moja. Katika Qur'ani, sura ya Al-Baqara, Mwenyezi Mungu anamfundisha Adamu majina yote, elimu ambayo malaika hawakuwa nayo. Katika kitabu cha Mwanzo, wanyama wanaletwa mbele ya mtu na Mungu anasubiri kuona atawaitaje. Huko jina linapokelewa, huku linatolewa. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe waliligeuza jambo hili kuwa mjadala mzito wakati wa karne ya 10. Abul-Hasan al-Ash'ari alishika kwamba lugha asili yake ni mafundisho ya Mungu, ilhali Abu Hashim al-Jubbai, wa kundi la Muutazila, alishika kwamba ni makubaliano ya watu. Yeyote anayebishana leo juu ya asilimia 0.6 anapita katika njia iliyokanyagwa na watu hao.

Tena ipo hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, imo katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi, inayosema kwamba Adamu aliumbwa kwa gao lililochukuliwa kutoka ardhi yote, ndiyo maana wanawe wametoka wekundu, weupe, weusi na walio kati ya hao. Wasomaji wengi husimama kwenye rangi tatu. Maneno ya mwisho ndiyo yanayostahili kusimamiwa zaidi. Walio katikati wametajwa sawa na wengine, hawakuachwa nje kama mabaki ya hesabu. Utaratibu wowote wa kuainisha ambao hauna nafasi ya walio katikati umeipunguza ardhi kuliko ilivyo.

Guy Smith, aliyeongoza kazi ya kuunda utaratibu mpya wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuwa mtu wa kupuuza ugumu huu. Yeye na wenzake waliandika rasimu baada ya rasimu. Ya saba ilitolewa mwaka 1960, na kitabu kamili kikachapishwa mwaka 1975. Waliamua kwamba udongo ugawanywe kwa sifa zinazopimika leo, si kwa nadharia ya jinsi ulivyotokea. Sababu yao ilikuwa ya kiadilifu kama ilivyokuwa ya kisayansi: asili ya udongo hukisiwa, na watu wawili wanaweza kukisia tofauti, lakini kipimo kinaweza kurudiwa na yeyote. Hata hivyo vipimo vyenyewe vilichaguliwa ili vikamate matokeo ya mwenendo fulani. Mwenye kusema hatazami chanzo alikuwa tayari amekitazama wakati wa kuchagua nambari.

Hubbard Brook ilikuja kuutikisa mpango huo kwa namna ambayo haikutarajiwa. Msitu huo ulitengwa kwa utafiti mwaka 1955, na ni miongoni mwa mahali ambapo mvua ya asidi ilitambuliwa Amerika Kaskazini. Miaka ya karibuni, Scott Bailey na wenzake walichimba mashimo mengi katika bonde moja dogo, wakapima pia jinsi maji yanavyopanda na kushuka ndani ya udongo. Kwa maelezo ya vitabu, madini huchukuliwa juu na kutua chini katika shimo lilelile. Katika sehemu za mteremko huo haikuwa hivyo. Karibu na miamba, udongo ulipokuwa mwembamba, kulikuwa na tabaka nene la rangi ya majivu na chini yake karibu hakuna kilichotua. Hatua chache mbele kulikuwa na udongo mweusi-mwekundu wenye kina, bila tabaka la majivu juu yake. Maji yalikuwa yakisafiri kwa ubavu, yakiosha huku na kushusha kule. Tabaka moja la podzoli lilikuwa kwa jirani wa juu, na mwenzake kwa jirani wa chini.

Ugunduzi huu una uzito wa kifalsafa ambao haujasemwa vya kutosha. Ikiwa kilichoondoka katika shimo moja kimetua katika shimo jingine, basi hakuna shimo kati ya hayo mawili linaloweza kuelezwa peke yake. Aina ya udongo inakuwa uhusiano: uko wapi kwenye mteremko, nani yuko juu yako, maji yanakufikia kutoka upande gani.

Aliyeliona jambo la namna hii mapema alilionea Tanganyika. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, alipewa kazi ya kuandaa ramani ya udongo ya Afrika Mashariki, iliyotoka mwaka 1936 ikihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Alikuta udongo uleule ukijirudia kilima baada ya kilima: mwekundu juu, wa kijivu ubavuni, mweusi mzito bondeni. Ramani yake ilikuwa ndogo mno kuonyesha kila kipande. Badala ya kulazimisha jina moja kwa kila kilima, mwaka 1935 alipendekeza kuupa jina mfululizo mzima, akauita katena, yaani mnyororo. Wakulima wa Kisukuma walikuwa tayari wakilima kwa ujuzi wa mfululizo huo, wakijua kinachofaa kupandwa kwenye luseni ya juu yenye mchanga na kinachofaa kwenye mbuga ya chini. Milne alifariki mwaka 1942. Wazo lake limo leo katika vitabu vya udongo vya dunia nzima.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo linagawanyika. Mpaka ni wetu. Kisababishi si chetu. Asilimia 0.6 iliandikwa na kamati, lakini asidi, chuma na mteremko havikungoja kamati. Jina la kweli, kwa kipimo hiki, ni lile linalomwezesha aliyelisikia kujua kilichotokea mahali hapo na kitakachofuata: maji yatasimama wapi mvua kubwa ikinyesha, shimo la maji taka litafurika au halitafurika, mti upi utang'olewa na upepo kwa kuwa mizizi yake imezuiwa na kifusi kigumu. Abul-Hasan al-Ash'ari na al-Jubbai wanaweza kukaa meza moja kwa jibu hili, ingawa pengine wasingelipenda kwa kiwango kimoja.

Ugumu uliobaki unamhusu binadamu mwenyewe. Karne ya 19 mashamba yalitapakaa New England, kisha mengi yakaachwa na msitu ukarudi. Plau ilikuwa imelichanganya tabaka la majivu na yaliyo juu na chini yake hata likapotea. Sheria ya Spodosoli inasema wazi kwamba sehemu iliyopitiwa na plau haihesabiwi katika zile sentimita 2.5. Minyoo nayo inaendelea na kazi nyingine. Maeneo mengi yaliyofunikwa na barafu hayakuwa na minyoo ya ardhi ya asili. Mingi ya iliyopo ililetwa kutoka Ulaya, na katika misitu ya majani mapana, kama ile ya Minnesota, imekula zulia la majani yaliyooza kwa muda mfupi kuliko maisha ya mti mmoja. Kuihesabu plau na minyoo kama uchafu juu ya aina halisi iliyofichika chini ni kushikilia kiini ambacho udongo haujawahi kuwa nacho. Udongo uliochanganywa ndio udongo uliopo, na unastahili jina linalosema hivyo.

Wapima udongo wa New Hampshire na Vermont wana desturi moja ya kusifiwa. Pale aina zinapopishana karibu mno, ramani huandika majina pamoja, kwa mfano Tunbridge, Lyman na mwamba ulio wazi, kama mchanganyiko mmoja. Huo ni unyofu mkubwa kwa hati ya serikali. Lakini mchanganyiko unasema tu kwamba aina hizo zinaishi pamoja. Hausemi ipi inailisha nyingine. Baada ya yale yaliyoonekana Hubbard Brook, mwelekeo wa maji unastahili kuandikwa kando ya jina, hata kama itabidi vitabu vya vigezo vifunguliwe upya na mipaka iliyozoeleka isogezwe.