Rais asiye mwizi anatosha?

Ndugu msomaji, tukikaa barazani baada ya swala ya Alasiri na mazungumzo yakafika kwa viongozi, kipimo chetu huwa kimoja tu: huyu alikula, huyu hakula. Akitajwa aliyekufa bila majumba wala fedha za Ulaya, kila mtu hutikisa kichwa kwa heshima na mjadala huishia hapo. Mimi naona unaishia mapema mno, na ninaomba tumwangalie Ziaur Rahman wa Bangladesh.

Huyu alikuwa askari hasa. Alizaliwa mwaka 1936, akaingia jeshi la Pakistan na kupigana vita vya 1965 dhidi ya India. Machi 1971, jeshi hilo lilipowageukia raia wa Pakistan ya Mashariki, yeye akiwa meja mjini Chittagong aliasi, na sauti yake ikasikika redioni ikitangaza uhuru kwa niaba ya Sheikh Mujibur Rahman. Desemba mwaka huo Bangladesh ikawa huru.

Alipokuwa Rais, Aprili 1977, aliingiza Bismillah mwanzoni mwa katiba, na mahali palipoandikwa kuwa dola haina dini pakawekwa imani kwa Mwenyezi Mungu. Aliruhusu vyama vingi. Alikwenda vijijini kuchimba mifereji pamoja na wakulima. Na sifa ya kutojilimbikizia mali alipewa hata na wengi waliompinga. Waislamu wengi tukifika hapo husema, basi, tumempata wetu.

Lakini turudi nyuma kidogo. Agosti 1975 Mujib aliuawa na maafisa wa jeshi pamoja na karibu familia yake yote, na siku chache baadaye Zia akawa mkuu wa jeshi. Novemba 3 yakatokea mapinduzi mengine, Zia akafungiwa nyumbani kwake. Aliyepanga uasi wa askari wa kawaida uliomtoa humo, Novemba 7, ni Kanali mstaafu Abu Taher, mtu aliyepoteza mguu katika vita vya ukombozi. Kabla mwezi haujaisha, Taher alikamatwa. Mwaka uliofuata alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi iliyokaa kwa siri ndani ya jela ya Dhaka, akahukumiwa kifo Julai 17, akanyongwa Julai 21. Siku nne! Rais kwa jina alikuwa mwingine, jaji Sayem, lakini nani asiyejua nguvu ilikuwa kwa nani?

Watetezi wa Zia wanayo hoja, na si ya kupuuzwa. Taher alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto aliyetaka jeshi lisilo na matabaka, na katika uasi ule askari waliwaua maafisa wao. Kumwachia mtu kama huyo, wanasema, ni kuiacha nchi changa iungue. Sawa. Nakubali alikuwa hatari. Lakini kama kosa lake lilikuwa wazi kiasi hicho, kwa nini kesi ifichwe nyuma ya kuta za jela? Suratul Maida, aya ya nane, inatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse kwa mtu aliyekufungulia mlango. Bismillah ya kwenye katiba haiwezi kuifunika aya hiyo.

Wala halikuwa tukio moja. Baada ya maasi ya Oktoba 1977 mamia ya askari walinyongwa kwa kesi za harakaharaka. Na mwaka 1979, bunge lenye wabunge wengi wa chama chake lilipitisha marekebisho ya tano ya katiba, yakahalalisha amri zote za utawala wa kijeshi tangu 1975, ikiwemo ile iliyowakinga wauaji wa Mujib wasishtakiwe. Hapa ndipo mimi husimama. Rais anayekubali kuwa aliyemuua rais mwenzake haguswi na sheria amewaambia nini askari walio chini yake?

Usiku wa kuamkia Mei 30, 1981, maafisa wa jeshi walimuua Zia katika nyumba ya serikali alimolala, Chittagong, mji uleule alikotangazia uhuru. Safari hii kinga haikutolewa: zaidi ya maafisa kumi walinyongwa, nao pia kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Jenerali Manzoor, aliyetajwa kuwa kiongozi wao, hakufikishwa hata huko. Alipigwa risasi akiwa mikononi mwa dola. Manzoor huyu mwaka 1971 alitoroka Pakistan pamoja na Taher ili wakapiganie uhuru.

Machi 2011 Mahakama Kuu ya Bangladesh ilitamka kuwa kesi ya Taher haikuwa halali. Atakayesema kuwa wakati huo serikali ilikuwa ya binti yake Mujib, hasimu wa chama cha Zia, atakuwa amesema kweli. Ila waliopeleka shauri hilo mahakamani ni mjane wa Taher na ndugu zake, na walikuwa wamesubiri miaka thelathini na mitano.