Lumbesa ya Jasho

Tukisikia neno njaa, akili inakimbilia ardhi iliyopasuka na ng'ombe waliobaki mifupa. Kasulu na Kibondo hakuko hivyo. Nyanda za juu za Buha hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma kwa kawaida haifiki 600. Pita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo mwezi Januari, utaona mahindi, maharage, mihogo na migomba mpaka uchoke. Na katikati ya kijani hicho kuna kambi za wakimbizi, Nyarugusu upande wa Kasulu na Nduta upande wa Kibondo. Juni 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgawo wao hadi nusu kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua. Mgawo kamili hupigiwa hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Nusu yake mnaijua.

Amartya Sen aliliandika jambo hili mwaka 1981 katika *Poverty and Famines*, akiitazama njaa ya Bengal ya 1943. Watu hufa njaa chakula kikiwepo, kwa kuwa hawana njia halali ya kukifikia, yaani shamba lao, mshahara, fedha ya kununulia au haki ya kupewa. Kambini njia hizo karibu zote zimezibwa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kutoka ni mpaka kibali. Mpango wa kuwapa fedha taslimu badala ya chakula pale Nyarugusu ulisitishwa 2017. Masoko ya pamoja, ambako mwenyeji alileta ndizi na mkimbizi akaleta alichonacho, nayo yakaja kufungwa. Basi kinachobaki ni mgawo, na kibarua cha kujificha.

Kibarua hicho ndicho kinachoninyima raha. Alfajiri mtu anatoka kambini bila kibali, anakwenda kulima shamba la mwenyeji, jioni anarudi na sahani mbili za maharage au vijisenti. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba bei inapatanwa bila mkalimani. Mkulima mmoja, mama wa makamo, aliwahi kuniambia, "Mwanangu, nisingempa kazi angelala njaa. Sasa nimemkosea nini?"

Swali lake si dogo. Fikiria jirani yake ambaye hajamwajiri mkimbizi hata mmoja, hajampa hata punje. Huyo hatumsemi. Lawama tunamtwisha aliyetoa kidogo, aliyekaa kimya tunamwacha apite. Kuna kitu hakijakaa sawa hapo. Kama mkimbizi amekuja kwa miguu yake, akakubali, na akaondoka na chakula ambacho asingekuwa nacho, kosa liko wapi?

Nadhani jibu mama yule analijua kuliko mimi, kwa sababu naye analalamikia lumbesa. Kila mkulima wa nchi hii anaijua. Gunia linajazwa, kisha linaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, halafu linalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na kila msimu viongozi wanakemea. Bado inaendelea, maana mnunuzi ana gari na mkulima ana ada ya shule ya kulipa. Mnunuzi naye anaweza kusema vilevile: nisingekuja, maharage yako yangeliwa na wadudu. Na atakuwa amesema kweli! Mkulima amekubali, ameondoka na fedha ambayo asingekuwa nayo. Lakini hakuna mkulima atakayekuambia kwamba kile kilemba kimelipwa. Kumfaa mtu hakugeuzi kipimo kibovu kikawa kizuri.

Sasa itazame siku ya mkimbizi. Anapolima matuta yaleyale aliyolima kijana wa kijijini, akalipwa chini ya kijana yule, ile tofauti ni kilemba cha gunia. Haitokani na uvivu wake wala jembe lake. Inatokana na kwamba hawezi kusema "hapana" akaenda shamba la pili kwa uwazi, wala hawezi kumshtaki anayemdhulumu. (Wapo wanaotishia kuita mgambo jioni ili wasilipe kabisa. Huo ni wizi, hauhitaji falsafa.)

Na Buha, jamani, inajua habari hii. Enzi za Mwingereza ndiko vijana walikochukuliwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Nao waliambiwa hakuna aliyewalazimisha. Kodi ya kichwa ndiyo iliyowalazimisha.

Sitaki kumvisha mama yule mzigo wa serikali. Naye ni maskini, na mtu hawezi kulipa asichonacho. Hofu ya serikali juu ya usalama, misitu na ardhi siibezi. Ila nchi hiihii iliwapokea Warundi wa 1972, ikawapa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakajilisha na kuuza ziada, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Kwa hiyo anayesema haiwezekani, anasema juu ya kitu kilichokwisha fanyika.

Nilimwambia mama haya ya lumbesa. Akacheka, kisha akauliza, "Nikimlipa sawa na kijana wetu, mgambo atamwacha apite?" Nikasema hapana, hatamwacha. Akanyamaza, akaendelea kupepeta maharage yake. Mgambo hanufaiki na ile tofauti. Inabaki ndani ya debe la mama, msimu mzima wa palizi.