Mcheshi na Nyumba Yake

Kicheko ni mali ya watu wote. Tajiri hana kingi kuliko maskini, wala mzee hakinyimwi kwa uzee wake. Hata hivyo kila mali ina gharama, na gharama ya kicheko mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakualikwa kucheka. Watu wakiangua kicheko barazani kwa kusimuliwa ugomvi wa mke na mume, yupo mke na yupo mume wanaotajwa, na pengine wana watoto wanaosikia. Kwa sababu hiyo mwandishi wa vichekesho anastahili kuulizwa swali ambalo waandishi wengine huulizwa kwa nadra: Je, mtu aliyeumizwa nyumbani kwake ana haki ya kuyageuza maumivu yake kuwa kicheko? Na kama anayo, haki hiyo inakoma wapi?

Na tulipime swali hili kwa maisha ya mtu mmoja, Evelyn Waugh, mwandishi wa Uingereza aliyezaliwa London mwaka 1903 na kufariki mwaka 1966. Vitabu vyake huhesabiwa miongoni mwa vichekesho bora vya lugha ya Kiingereza katika karne ya 20. Kijana wa Nakuru au wa Gilgil ataniuliza, mambo ya ndoa ya Mwingereza yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 1931, nyumba yake ilipokuwa imekwisha kuvunjika, mtu huyu alifika katika Bonde letu la Ufa. Na alivyoliona bonde hili, na ambavyo hakuliona, ni sehemu ya jibu tunalolitafuta.

Mwezi wa Juni, mwaka 1928, Waugh alimwoa msichana aitwaye Evelyn Gardner. Mume Evelyn na mke Evelyn! Rafiki zao walilazimika kutafuta namna ya kuwapambanua, na jambo hilo peke yake lilitosha kuwa kichekesho. Mwaka ule ule riwaya yake ya kwanza ilitoka, naye akapata sifa. Mwaka uliofuata alijitenga mashambani ili aandike riwaya ya pili, mkewe akabaki mjini. Kabla kitabu hakijakwisha, mwezi wa Julai 1929, alipata barua ya mkewe ikimwarifu kwamba amempenda mwanamume mwingine. Mwaka 1930 ndoa ikavunjwa mahakamani.

Tusifanye haraka kumhukumu mwanamke yule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na mume anayemwacha mke mpya mjini akaenda kushinda na kalamu yake mbali, ana sehemu yake katika hesabu ya hasara. Linalotuhusu ni hili: mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwachekesha wengine alijikuta yeye mwenyewe ndiye anayechekwa. Mshale aliouzoea mkononi ulimchoma kifuani.

Mwezi wa Septemba mwaka ule wa 1930 aliingia katika Kanisa Katoliki, na punde akasafiri kwenda Ethiopia kuandika habari za kutawazwa kwa Mfalme Haile Selassie. Kutoka huko alipita Zanzibar, akaja Kenya, akashuka Bonde la Ufa hata Naivasha, akawa mgeni katika nyumba za walowezi. Katika kitabu cha safari alichotoa mwaka 1931 aliwaandika walowezi wale kwa huruma. Aliona kwamba walitaka kuyahifadhi maisha ya mabwana wa mashamba wa Uingereza, maisha ambayo Uingereza yenyewe ilikuwa ikiyaacha. Si ajabu kwamba yalimvuta. Mtu asiye na nyumba akiingia katika nyumba ya mwingine usiku wa baridi ya nyanda za juu, akakuta moto wa kuni na meza iliyoandaliwa, moyo wake hulainika.

Lakini nyumba zile zilisimama juu ya nini? Wamaasai waliokuwa wakichunga katika nchi hii walihamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904, ili walowezi wapate nafasi. Nyuma ya nyumba kubwa yenye veranda palikuwa na vibanda vya vibarua, watu walioruhusiwa kukaa na jamaa zao na kulima kipande cha ardhi maadamu walimfanyia kazi mwenye shamba. Mwenye shamba akichoka nao, walifunga mizigo yao. Hapo palikuwa na waume, wake na watoto waliojua vizuri kuliko Waugh maana ya kupoteza makao. Mgeni wetu alitoka katika nyumba iliyovunjika, akapita mbele ya nyumba nyingi zilizovunjwa, wala hakuzitambua.

Kisha aliporudi kwao aliandika, na mwaka 1932 akatoa riwaya ya kuchekesha juu ya kisiwa cha kubuni cha Afrika alichokiita Azania, jina ambalo Wayunani wa kale waliipa pwani yetu. Ndani yake Wazungu nao huchekwa, na hilo tumpe haki yake. Hata hivyo, Mwafrika ndiye aliyebebeshwa mzigo mzito zaidi, na aliyembebesha alikuwa msafiri wa miezi michache. Yamkini alidhani kwamba aliyeonja uchungu amepata ruhusa ya kumcheka kila mtu. Hapo ndipo alipokosea. Maumivu humpa mtu macho; hayampi kiti cha hakimu.

Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo aliandika kitabu cha namna nyingine. Katika riwaya yake ya mwaka 1934, A Handful of Dust, alirudi kwenye jeraha lake mwenyewe. Tony ni mume mwema aliyependa jumba la baba zake kupita kiasi. Mkewe Brenda anamwendea kwa siri kijana mvivu wa mjini aitwaye John. Siku moja mwana wao mdogo, ambaye jina lake pia ni John, anauawa katika ajali ya farasi. Brenda anaarifiwa kwamba John amekufa, naye anadhani ni yule mpenzi wake. Anapofahamu kuwa ni mwanawe, neno la shukrani kwa Mungu linamponyoka. Msomaji aliyekuwa akicheka hujikuta kimya.

Kwa nini kitabu hiki ni cha haki kuliko kile cha Azania? Kwa sababu mwandishi hakujisamehe. Tony, ambaye machozi yake ni ya mwandishi, ameonyeshwa kuwa mjinga: alizitunza kuta za nyumba yake hata akasahau kumtazama mtu aliyekaa ndani yake. Kicheko kilianza mlangoni pa mwenye kukitoa, naye akalipa sehemu yake kabla ya kuwadai wengine. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ninayoiweka mbele ya wasomaji vijana.

Ndoa ya pili inatupa kanuni nyingine. Mwaka 1936 Kanisa lilitangaza kwamba ile ndoa ya kwanza ilikuwa batili, na mwaka 1937 Waugh akamwoa Laura Herbert. Walizaa watoto saba. Mmoja, Mary, alikufa mara baada ya kuzaliwa mwaka 1940. Nyumba hii haikuvunjika. Lakini je, nyumba isiyovunjika ni nyumba njema? Mwanawe Auberon, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi mcheshi, ameeleza katika kumbukumbu zake kisa kimoja cha nyakati za shida baada ya vita. Ndizi zilikuwa hazionekani Uingereza kwa miaka, na watoto walikuwa wamesimuliwa utamu wake. Siku ilipofika mama alileta ndizi tatu nyumbani. Baba aliwekewa zote tatu katika sahani yake, akazimiminia malai na sukari, vitu vya adimu wakati ule, akazila zote mbele ya macho ya watoto wake. Auberon anasema kwamba tangu siku ile hakuyachukua kwa uzito mafundisho ya baba yake juu ya imani na maadili.

Sisi ambao ndizi tunaziona kila siku sokoni tunaweza kukicheka kisa hiki, na mwana mwenyewe alikisimulia ili tucheke. Lakini kicheko hicho kilichelewa miaka mingi kumfikia mtoto aliyekaa mezani mikono mitupu. Baba aliyewafurahisha maelfu ya watu asiowajua aliwanyima wanawe kipande cha tunda. Tusimdhulumu: barua zake kwa binti yake Margaret zimejaa upendo. Tena mwaka 1957 alitoa riwaya juu ya mwandishi mzee mwenye hasira anayepagawa na sauti akiwa melini, na kila mtu alijua kwamba mzee yule ni yeye mwenyewe. Hata hivyo deni la nyumbani hulipwa nyumbani. Sifa za wasomaji hazipokewi mezani pa watoto.

Wapo watakaosema kwamba mzaha ni mzaha tu, na anayeuliza maswali haya anataka kuwafunga watu vinywa. Wahenga wamewajibu: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wala si kweli kwamba kicheko cha haki ni kicheko dhaifu. Katika mchezo wa Vitimbi wa televisheni ya taifa, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mzee Ojwang, na Mary Khavere alikuwa Mama Kayai. Nje ya mchezo hawakuwa mume na mke, lakini waliigiza ndoa ile kwa miaka mingi hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni ya kweli. Kicheko kilimwangukia mara kwa mara Mzee Ojwang mwenyewe, kwa majivuno yake, mbele ya mke aliyemfahamu kupita alivyojifahamu. Mume aliyetazama alijiona, akacheka, na mkewe aliyeketi kando yake akacheka pia. Hapakuwa na aliyelipa peke yake.

Basi, kijana, huenda huna nia ya kuandika vitabu, lakini ulimi unao, na nyumba utakuwa nayo. Ukiumizwa, una ruhusa ya kucheka. Kicheko kimewavusha wengi mahali ambapo machozi yangewazamisha. Anza na upumbavu wako mwenyewe. Usimcheke mtu ambaye hujajua makao yake yamesimama wapi na yaliondolewa wapi. Na ukitaka kujua kama mzaha wako ni wa haki, usisikilize makofi ya watu wa nje. Watazame walioketi nawe mezani: wanacheka pamoja nawe, au wamenyamaza?