Foleni ya Mpendae ni ya nani?

Jioni moja nilikuwa ndani ya daladala nikitoka Darajani kurudi nyumbani Mpendae. Gari zikasimama. Hapakuwa na ajali wala msafara wa mkubwa. Adhana ya Magharibi ikatukuta palepale, na kila abiria akawa na wake wa kumlaumu: utingo, trafiki, Serikali.

Juu yetu kunguru walikuwa wanarudi kulala. Hawa waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, nasi tunawaona waharibifu tu, lakini kundi lile lote lilipita bila ya kugongana. Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Craig Reynolds, alionesha kuwa mwendo wa kundi la ndege unaweza kuigizwa kwa kanuni tatu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachane na wenzako. Hakuna amiri. Kila mmoja anawatazama walio karibu naye, basi, kama tunavyonyoosha safu msikitini kwa kutazama mabega.

Foleni nayo ndivyo inavyozaliwa. Mwaka 2008 Yuki Sugiyama na wenzake wa Japani walichapisha jaribio lao: gari 22 katika duara lenye mzingo wa mita 230, kila dereva ameambiwa aende kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa, hakuna njia panda, hakuna shimo. Haukupita muda gari zikaanza kusimama. Mmoja alipunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, hadi wa nyuma kabisa akasimama.

Sasa kosa la nani? Aliyeanza hakusimama, na aliyesimama hakuanza. Wapo watakaosema basi hakuna mkosa. Mimi siafiki. Kunguru hana hiari. Dereva anayeibana gari ya mbele ameamua mwenyewe. Na utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa 2018, ulionesha kuwa katika duara la gari zaidi ya 20, gari moja iliyoongozwa na kompyuta kwa mwendo wa taratibu ilitosha kuituliza foleni. Moja tu! Sijui tena nitaiweka wapi ile hoja yetu ya "mimi peke yangu nitafanya nini".

Hatimaye mbele yetu pakafunguka nafasi ya gari mbili tatu. Dereva akaikimbilia, kisha akafunga breki kwa kishindo. Nyuma yetu gari zote zikasimama tena. Abiria tulikuwa tunampigia kelele: "Twende, twende!" Na mimi nilikuwamo.