Mbwa Mlangoni: Ni Deni au ni Sadaka?

Liko swali ambalo sisi walimu hulipita upesi, pengine kwa kuwa laonekana dogo: mtu akishamweka mbwa nyumbani kwake, ni mambo gani katika siku yake yasiyokuwa na budi kusogea ili kumpisha? Twasema "kusogea" kwa makusudi. Siku ina saa zile zile, na chungu kina kiasi kile kile. Mdai mpya akiingia, lazima mwingine apunguziwe.

Yafaa tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Mswahili kwa kawaida hasemi kwamba anamiliki mbwa, husema anamfuga. Shamba hulimiliki, na baiskeli pia, lakini hufuga mbuzi na kuku, hufuga ndevu na kucha, na hata maradhi asiyoyatibu mapema husemwa kuwa anayafuga. Katika matumizi yote hayo mna kitu kinachoishi na kukua chini ya mkono wa mtu, na likizuka jambo, ndiye atakayeulizwa. Baiskeli ikiegemezwa ukutani juma zima haipungukiwi na chochote. Mbwa akifungwa ukutani hapo juma zima bila maji, atakufa.

Tuitazame Gashoho, upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi. Huko watu wengi hawakai katika vijiji vilivyosongamana. Kila jamaa ina urugo wake juu ya kilima, yaani nyumba na ua wake, katikati ya migomba na mashamba ya maharage na muhogo. Jirani yupo, lakini yuko ng'ambo ya shamba, na usiku ni mrefu. Zamani mbwa wa nchi zile alikuwa pia mwenzi wa mwindaji. Leo mapori yamepungua, na ndani ya Hifadhi ya Ruvubu, inayogusa Muyinga, Karuzi, Cankuzo na Ruyigi, kuwinda ni marufuku. Ile methali yetu ya mbwa wa msasi mkali sasa yahitaji kuelezwa darasani, maana watoto wengi hawajamwona msasi. Kazi iliyobaki ni ulinzi. Mbwa hukesha ili mbuzi wawepo asubuhi, na wenye nyumba hulala.

Hapa ndipo tunapopingana na wale wasemao kwamba chakula cha mbwa ni sadaka. Sadaka hutolewa na aliye nacho, naye huitoa apendapo. Mbwa, kwa upande wake, ameshatoa usiku wake kabla hajapewa kitu. Anachopewa asubuhi ni ujira, na ujira haungoji moyo wa mtoaji kulainika. Mwenye nyumba aliyezoea kula kwanza, kisha kutazama kama kimesalia kitu, yampasa sasa apime kabla ya kula. Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Ukoko wa sufuria kwa desturi ni haki ya watoto, na yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu aujua ugomvi wake. Hatusemi hata kidogo kwamba mbwa amtangulie mtoto. Twasema kwamba aitangulie chupa ya pili ya baba. Huko ndiko hasa mambo husogea, na ndiyo sababu akina baba wengi hupendelea neno "sadaka".

Wengine hujibu kwa kifupi: "Atajitafutia." Jibu hili limezoeleka mno, nasi twaliona kuwa baya kuliko ukatili wa waziwazi. Mbwa anayejitafutia hutafuta kwa jirani. Ataiba mayai, atakamata kifaranga, atamwuma mtoto aliyetumwa dukani, na mwishowe atapigwa mawe na watu walioumizwa ambao hawakumleta duniani wala hawakulindwa naye. Mwenye mbwa amepata ulinzi bure, na gharama yake ameisukuma ng'ambo ya shamba. Kisha twamtukana mnyama kwa kumwita mbwa koko, kana kwamba alichagua mwenyewe kutokuwa na kwao.

Lililo zito zaidi ni kichaa cha mbwa. Tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister mwaka 1885, dunia yajua kwamba aliyeumwa aweza kuokolewa akiwahiwa: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha achanjwe bila kukawia. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Makadirio ya kimataifa hutaja vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka, vingi vyao Afrika na Asia, na karibu vyote hutokana na mbwa. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi fedha zikiwa chache, na sikukuu ikikaribia, kipi kitangulie: nguo mpya ya mtoto au chanjo ya mbwa? Twajibu bila kusita kwamba ni chanjo, na twajibu hivyo kwa ajili ya mtoto huyo huyo na wenzake anaokwenda nao shule.

Najua msomaji Mwislamu, naye katika Muyinga si mgeni, atatukumbusha habari ya najisi. Ni kweli: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini wanavyuoni hao hao wameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba; na katika mapokeo ya Bukhari imo habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Sheria ya usafi yatufundisha mahali pa kumweka mbwa na chombo cha kumtengea. Haitupi ruhusa ya kumwacha na kiu.

Wajibu huu una mpaka wake. Nchi hii ya mpakani mwa Tanzania imeona watu wakikimbia, mwaka 1993 na tena mwaka 2015, mama akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hatuthubutu kumwuliza mama huyo mbwa alibaki wapi. Saa ya namna hiyo huondoa kila deni isipokuwa la uhai wa watu. Tunachokataa ni kuazima udhuru wake ili tuutumie siku ya arusi, tukiondoka siku tatu bila hata kumwomba jirani ateke maji.

Limebaki jambo la mbwa mzee. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, hakuamini kwamba tuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama. Hata hivyo alifundisha kwamba mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu yafaa atunzwe hadi kufa kwake, kwa kuwa amfanyiaye mnyama ukatili hujizoeza ugumu wa moyo mbele ya watu. Sisi twaona kwamba sababu yake ni njema lakini haitoshi, maana humpa mbwa chakula kwa faida ya tabia ya bwana. Katika urugo wa Gashoho hesabu ni nyepesi zaidi: mbwa huyu alikesha miaka kumi, na sasa meno yamekwisha, haisikii tena hatua ya mgeni, na mtoto wa mbwa ameshaletwa kushika zamu. Ugali ni ule ule, na sasa walinzi ni wawili, mmoja wao akiwa hafanyi kazi yoyote. Jamaa inayotaka kumleta yule mdogo yapasa iketi kwanza iamue atakavyokula yule mkubwa, nao wakae na watoto wasikie.