Mfungueni Mtoto Ulimi

Wazazi wa Kileleshwa, walimu wa Kileleshwa, nisikilizeni!

Nani amewaambia kwamba mtoto hujifunza Kiingereza kwa kunyamazishwa? Pandeni ngazi za ghorofa zilizo kando ya Barabara ya Othaya saa nne asubuhi. Mtamkuta yaya sebuleni na mtoto wa miaka mitatu, katuni zikipiga kelele, wao wawili kimya. Yaya ameamriwa: na mtoto, Kiingereza tu. Naye Kiingereza chake ni "come", "eat" na "no". Maneno hayo yakiisha hana jingine, na siku bado ndefu. Yaya huyo huyo ametoka kwao Kakamega na kapu zima la hadithi za fisi na sungura, nyimbo, vitendawili! Mmemwajiri mwalimu, kisha mkamziba kinywa.

Sisemi Kiingereza ni adui. Nakipenda. Namtakia kila mtoto wa mtaa huu akimiliki, wa ghorofani na wa mlinzi anayemfungulia lango. Hisabati itamjia kwa Kiingereza, sayansi itamjia kwa Kiingereza, na ni dhambi kumwacha nje ya mlango huo. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi: mjengeeni msingi! Kamati ya elimu ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Mtazameni anayeanza kusoma. Katika Kiswahili "ba" ni "ba" leo na kesho, herufi haimdanganyi. Siku atakapolisoma neno "baba" bila kusaidiwa, ataamini kwamba karatasi inazungumza. Hapo mleteeni "though", "through" na "cough", maneno yenye mkia mmoja na sauti tatu. Atashangaa, lakini hatakata tamaa. Mkimwanzisha na hila hizo, atadhani kosa ni lake.

Walimu, nanyi! Nimeketi nyuma ya darasa la Gredi ya 2, mtoto akasoma "rain", ikatoka "lain". Mvua yenyewe ilikuwa ikipiga mabati juu yetu. Darasa likaangua kicheko, mwalimu akacheka pamoja nalo. Mtoto akavuta mkono wa sweta hadi ukameza vidole, akauziba mdomo nao. Hakusoma tena asubuhi ile.

Fungueni Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, wakamtaka kila mkimbizi wa Efraimu atamke "Shibolethi". Aliyeshindwa na ile "sh" aliuawa pale pale, wakaanguka 42,000. Je, mnataka kuweka walinzi kwenye Mto Kirichwa Kubwa, wampime mtoto kwa "r" na "l"? Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema Kigikuyu alivyochapwa au kuvishwa kibati cha aibu shingoni. Kicheko cha mwalimu ni kibati kile kile.

Mwalimu, mtoto akikosea amekuonyesha alipofika. Litamke neno taratibu mbele yake, mwelekeze dirishani kwenye mvua, msonge mbele. Leo msimulie hadithi kwa Kiingereza, kesho aiigize na wenzake, wiki ijayo aiandike. Sarufi itamkuta njiani.

Na wewe mzazi, usingoje muhula ujao. Leo jioni zima televisheni, umwombe yaya radhi, kisha umwambie atege kitendawili. Mtoto atabahatisha, atakosa, atatoa mji. Kikishateguliwa, mwambie mtoto akutegee wewe kwa Kiingereza chake, hata kama kimevunjika vipande. Usimkatize. Keti chini, mtazame machoni, ungoje amalize.