Mashahidi wa Mchungaji

Mchungaji wa kijiji cha ziwani anapopanda mimbarini Jumapili, waumini hawasikilizi maneno matupu. Mama aliyekaa benchi la tatu anajua kama usipa, wale dagaa wa ziwani, ambao mchungaji aliuchukua kwake juzi umelipwa au bado ni deni. Kijana wa kwaya, ambaye nyumba yao imepakana na ya mchungaji, amewahi kumsikia akimfokea mkewe. Mzee wa kanisa anakumbuka nani alikesha kwenye msiba wa mwezi uliopita na nani alituma salamu tu. Mahubiri kuhusu subira yanapimwa kwa hayo yote, kimyakimya, kabla hayajamwingia mtu moyoni. Ni mtihani mgumu, na sidhani kama kuna wa haki zaidi.

Sasa mchungaji huyohuyo akae jioni aandike kijitabu kuhusu subira. Kijitabu kipande milima ya Umatengo, kipite Mbinga mjini, kimfikie Songea mtu asiyemfahamu. Msomaji huyo hana habari za usipa. Anachokiona ni aya zilizonyooka, na andiko la Biblia limekaa mahali pake. Tumezoea kusema maandishi hudumu, kwa hiyo humbana mwandishi kuliko mdomo. Ni kweli, ila nusu tu. Maandishi hudumu, lakini wanaojua yalikotoka hawasafiri nayo. Anayeandika juu ya maisha ya Kikristo anajiondoa, atake asitake, mbele ya mashahidi wake.

Augustino nadhani aliliona tatizo hili. Alibatizwa mwaka 387, na miaka kama kumi baadaye, akiwa askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akaandika Maungamo yake akimwelekea Mungu, sisi wasomaji tukisikiliza pembeni. Kama wanadamu hawawezi kumhakiki mwandishi, basi aseme mbele ya Shahidi asiyedanganyika. Nakubali ni hatua kubwa. Lakini ndani ya kitabu Mungu hakatizi maneno ya mtu. Mwandishi ndiye anayeshika kalamu mwanzo hadi mwisho, hata pale anapojishtaki. Anayekudai usipa hukukatiza.

Katika mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, mtu wa kumpima kwa tatizo hili la mashahidi ni William Percival Johnson, kasisi Mwanglikana wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Alikuja Afrika mwaka 1876, akautumikia mwambao huo karibu nusu karne, akafa na kuzikwa Liuli mwaka 1928. Jicho moja lilikufa, la pili likabaki na nuru hafifu, naye akaendelea kwenda kijiji hadi kijiji, kwa mashua na kwa miguu. Alitafsiri Maandiko kwa Kinyanja, kazi ambayo mtu huifanya akijificha nyuma ya maneno ya mwingine. Vitabu vyake mwenyewe vilichelewa: kile kinachoeleza ziwa na maisha ya watu wake kilitoka mwaka 1922, na kumbukumbu zake mwaka 1924, umri ukiwa umegonga sabini.

Wengi wataona hapo unyenyekevu: aliishi kwanza, akaandika baadaye. Nami nauona. Ila vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa Uingereza. Mvuvi wa Liuli aliyemwona akikasirika, kama aliwahi kukasirika, asingeweza kufungua ukurasa na kumwambia, "Baba, hapa sivyo ilivyokuwa." Simlaumu, maana wenye kuichangia misheni walikuwa huko na walistahili kupewa habari. Lakini maisha yake yalijulikana upande mmoja wa bahari, na kitabu chake kikasomwa upande mwingine.

Kusini zaidi, huko Unangu katika Msumbiji ya leo, kasisi Myao, Yohanna Abdallah, alifanya tofauti. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa Zomba mwaka 1919, kwa Kiyao, tafsiri ya Kiingereza ikiwa pembeni. Si kitabu cha ibada. Ni historia ya watu wake. Hata hivyo nakihesabu karibu na maisha ya Kikristo kuliko vijitabu vingi vya sala, kwa sababu aliandika mbele ya watu walioweza kumbishia. Mzee yeyote aliyesomewa ukurasa angeweza kusema ukoo fulani haukutokea huko.

Mchungaji wa leo atajitetea: nikiandika ili jirani asome, nitaandika kwa woga. Na siri za walionijia usiku wakilia, nizianike? Hapana, hizo si mali yake. Lakini kwa kuzikwepa, wengi wamemwalika kitabuni yule "ndugu mmoja" maarufu: hana jina, hana kijiji, alikunywa pombe, akaombewa, akaacha. Ndugu huyu harudii pombe kamwe, kwa kuwa hana jirani wa kumwona akitoka kilabuni.

Mwandishi anaweza kulinda siri za watu na bado akaandika yanayohakikiwa: ajieleze mwenyewe, na aeleze kazi ambazo msomaji amezishika kwa mikono. Chukua ngoro za Wamatengo, kilimo chao cha mashimo mlimani. Mkulima anafyeka majani, anayaacha yakauke, anayalaza kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima ugawanyike miraba. Halafu anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo anaoutoa, hadi yawe matuta. Shimo linabaki kudaka mvua, na mbegu inakaa juu ya tuta. Anayetaka kuandika kwamba jasho la shambani linaweza kuwa sala, aanzie hapo, na aanze sawasawa. Akisema maharage hupandwa shimoni, msomaji wa Litembo, kule Umatengo, atakiweka kitabu chini, na atakuwa na haki ya kutilia shaka hata anayoyasema kuhusu Roho Mtakatifu.